UPS kwa Mashine Zisizopaswa Kuzimika Ghafla

Alfajiri ya Aprili 1, 2024, hitilafu kwenye Gridi ya Taifa ilizima umeme sehemu kubwa ya Tanzania. Tukio kama hilo kila mtu huliona. Lakini kinachoua mashine nyingi ni umeme unaochezacheza: taa zinafifia, umeme unakatika kidogo, kisha unarudi kwa kishindo. Sisi wa Butimba tunakaa kando ya Ziwa Victoria, mojawapo ya maeneo yenye radi nyingi sana duniani, kwa hiyo jambo hili linatuhusu kwa karibu.

UPS hukaa kati ya soketi na mashine. Ndani mna chaja, betri na inveta inayotoa umeme wa volti 230. Kuna aina tatu. Ile ya bei nafuu husubiri umeme ukatike ndipo iingie, ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, na kompyuta nyingi huvumilia pengo hilo. Ya pili ina stabilaiza ndani. Umeme ukiwa mdogo huuinua bila kugusa betri, na hiyo ndiyo ningemshauri mwenye duka la fotokopi. Ya tatu huendesha mashine kwa inveta wakati wote, hivyo umeme ukikatika mashine haitambui. Ni ghali, lakini maabara inaihitaji.

Chukua GeneXpert, mashine inayopima kifua kikuu. Kipimo huchukua zaidi ya saa moja, na katriji yake hutumika mara moja tu. Umeme ukikatika katikati, katriji imepotea, na huenda mgonjwa aliyetoka mbali akaombwa makohozi upya. UPS ya dakika kumi haimsaidii mgonjwa huyo kama hakuna jenereta ya kupokea mzigo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza: mashine hii inahitaji dakika ngapi, na baada ya hapo nani anapokea?

Kuna mashine kubwa mno kwa UPS: mtambo wa maji wa Butimba, uliosanifiwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, pampu zake haziwezi kubebwa na UPS. Katika mitambo ya aina hiyo, UPS hushikilia kompyuta za uendeshaji na vipima-maji ili wahudumu waendelee kuona kinachotokea.

Dukani soma wati, usidanganywe na VA (volti-ampea). UPS ya VA 650 mara nyingi hubeba wati zisizofika 400. Printa ya leza usiichomeke upande wa betri, maana hita yake huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Mashine ya kuzalisha oksijeni ina mota, na mota huvuta zaidi inapowaka; mwachie fundi akadirie.

Betri za risasi za UPS hudumu kama miaka 3 hadi 5, pungufu zaidi kwenye chumba chenye joto. Kila baada ya miezi michache hifadhi kazi yako, zima swichi ya soketi bila kuchomoa plagi ili waya wa ethi ubaki umeunganika, kisha hesabu dakika ambazo UPS inashikilia. Zikipungua sana, badilisha betri. Iliyovimba usiitoboe wala kuitupa jalalani, kwani ina risasi na asidi; irudishe kwa muuzaji.

Radi ikipiga karibu, UPS peke yake haitoshi. Nyumba iwe na ethi iliyopimwa na fundi, na dalili za mvua ya radi zikionekana, kabla ngurumo hazijasikika, chomoa plagi pamoja na waya wa antena na wa intaneti.