SOMO LA 14: KUMZOEZA MTOTO WA MBWA KUISHI NA VIFARANGA NA SUNGURA

Katika nyumba nyingi mbwa hufugwa ili alinde usiku. Katika uwanja huo huo kuku huchakura pamoja na vifaranga wake, na pengine sungura wamo katika kibanda chao. Je, umewahi kumwona mtoto wa mbwa akiwafukuza vifaranga? Yeye hucheza, lakini kifaranga hufa. Kisha mbwa hupigwa, hufungwa mchana kutwa au hutupwa, ingawa hakuna aliyemfundisha. Katika somo hili utajifunza kwa nini mbwa hufukuza, na jinsi ya kumzoeza kutulia.

Kwa nini mbwa hufukuza?

Mababu wa mbwa walikuwa wanyama wawindaji. Walipata chakula chao kwa kufukuza wanyama wengine. Tabia ambayo mnyama huzaliwa nayo bila kufundishwa huitwa silika. Silika ya kufukuza ingalimo ndani ya mbwa wetu, na huamshwa na kitu kidogo kinachokimbia. Kifaranga akishtuka hukimbia huku akilia. Sungura naye huruka ghafla. Kadiri wanavyokimbia, ndivyo mbwa anavyozidi kufukuza.

Basi mtoto wa mbwa si mwovu. Lakini kufukuza humfurahisha, na kila anapofukuza tabia hiyo huzidi kujengeka. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumnyima nafasi ya kufukuza.

Mbwa hujifunza namna gani?

Mtaalamu mmoja wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alichunguza jinsi mbwa wanavyoyeyusha chakula. Aligundua kwamba mbwa walitokwa na mate hata kabla ya chakula kufika kinywani. Akawasikilizisha sauti fulani, na mara wakapewa chakula. Jambo hilo liliporudiwa mara nyingi, mbwa walitokwa na mate kwa kusikia sauti peke yake. Walikuwa wameunganisha mambo mawili yanayofuatana upesi.

Nawe utatumia kanuni hiyo. Ukitaka mbwa arudie kitendo chema, mpe tuzo mara tu anapokitenda. Ukichelewa, hataelewa tuzo hiyo ni ya nini. Vivyo hivyo, mbwa apigwaye baadaye haelewi kosa lake. Hujifunza kukuogopa wewe tu.

Mtoto wa mbwa huzoea mambo mapya kwa urahisi zaidi kati ya umri wa majuma 3 na majuma 14 hivi. Usingoje mpaka awe mkubwa.

Kazi ya kufanya

Vifaa: ukosi wa shingoni, kamba ya mita 2, tenga imara, dagaa wakavu wasio na chumvi, na daftari. Mwombe mtu mzima ashike kamba.

Hatua ya 1. Mfundishe mbwa jina lake mahali pasipo na kuku. Tuseme jina lake ni Simba. Ita, "Simba!" Akikutazama, mpe kipande cha dagaa papo hapo. Rudia mara 10, asubuhi na jioni, mpaka ageuke kila unapomwita.

Hatua ya 2. Wafunike kuku na vifaranga wake kwa tenga, na juu yake weka jiwe ili lisipinduke. Simama na Simba umbali wa mita 10. Akitulia, au akigeuka kukutazama, mpe tuzo. Akikaza mwili, akisimamisha masikio na kukodoa macho, basi mmekaribia mno. Rudini nyuma bila kumkemea. Usidanganywe na mkia: mbwa anayetikisa mkia si lazima awe ametulia.

Hatua ya 3. Fanya zoezi hili kwa dakika 5 kila siku. Sogea mita 1 tu, na usogee pale tu Simba anapokuwa mtulivu. Kipimo chako ni tabia ya mbwa, wala si idadi ya siku.

Hatua ya 4. Simba akiweza kulala kwa utulivu karibu na tenga, waachilie vifaranga. Rudi naye umbali wa mita 10, kamba ikiwa ingali mkononi mwa mtu mzima, uanze upya. Kifaranga anayekimbia ni jaribu kubwa zaidi kuliko aliye chini ya tenga. Umbali huo humlinda Simba pia, kwani kuku mwenye vifaranga huweza kumdonoa jicho.

Hatua ya 5. Kwa sungura, fuata njia ile ile, lakini mwache ndani ya kibanda chake. Mwekee sanduku la kujificha. Usimshike mikononi mbele ya mbwa, kwa sababu sungura akishtuka hupiga mateke kwa nguvu na huweza kuvunjika mgongo.

Katika daftari chora jedwali lenye safu nne: tarehe, umbali, tabia ya mbwa, na tabia ya kuku. Lijaze kila siku.

Tahadhari

1. Usimwache mbwa peke yake na vifaranga au sungura, hata akiwa amefunzwa vizuri. Silika hutulizwa, haifutiki.
2. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, kama mtaalamu wa mifugo atakavyoelekeza.
3. Ukiumwa na mbwa yeyote, hata aliye mdogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha mwambie mzazi, mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali

1. Silika ni nini? Taja silika moja ya kuku.
2. Kwa nini tuzo itolewe mara tu baada ya kitendo chema?
3. Eleza dalili tatu zinazoonyesha kwamba mbwa amekaribia mno vifaranga.
4. Jirani yako amempiga mbwa jioni kwa kuua kifaranga asubuhi. Je, mbwa amejifunza nini? Ungemshauri jirani afanye nini?