Kupanda Ukinga kwa Miguu: Tuchukue Nini?



Leo tutajifunza juu ya safari ya miguu kutoka Matema kupanda milima ya Livingstone mpaka Ukinga. Wengi wetu hapa Mbugani tuna ndugu huko juu. Wengine tunafuata viazi, wengine tunapeleka samaki. Wenzetu wa Ukinga nao huteremka siku ya Jumamosi kuja gulioni Lyulilo, na hurudi na vyungu vya Wakisi wa Ikombe. Njia ni ileile. Lakini wao wanateremka kuja kwenye joto. Sisi tunalipa joto kisogo, na mara nyingi tunaondoka tumevaa kama watu wanaokwenda shamba la mpunga.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Ziwa letu liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mgongo wa milima ile unapita mita 2,400. Basi mtu anapanda karibu mita 2,000. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama digrii 6. Kwa hiyo juu kuna baridi zaidi kuliko huku kwa digrii 12 hivi. Na hapo hatujahesabu mvua wala upepo.

Sisi wenyewe tulijifunza jambo hili kwa taabu. Tulipanda watu wanne, mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimekolea. Mwenzetu mmoja alikuwa na blanketi zuri, zito. Tulimwonea wivu! Alilifunga juu ya mzigo wake kwa kamba. Mvua ikatunyeshea saa mbili nzima. Tulipofika juu, upepo ukaanza. Kijana akafungua blanketi lake, kumbe linachuruzika maji. Akatetemeka sana. Halafu akaacha kutetemeka, tukafurahi tukidhani amepata nafuu. Lakini maneno yake yalikuwa hayaeleweki, naye alitaka kukaa chini alale.

Mzee mmoja wa Kikinga alitukuta njiani. Hakuuliza mengi. Alimvua kijana shati lililolowa, akatoa sweta kavu ndani ya mfuko wa nailoni, akamvalisha. Tukamweka katikati yetu mahali pasipo na upepo, tukamfunika. Yule mzee alituambia, "Wanangu, blanketi mlikuwa nalo."

Jamani, alisema kweli. Blanketi lililolowa lilikuwa mzigo tu. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kutafuta ni kile cha kukingia nguo zisilowe. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, basi tusihangaike nayo. Ule mfuko wa nailoni unaokaa ndani ya mfuko wa mbolea ni mkubwa na mgumu. Uoshe vizuri mara kadhaa, uanike, na usitie chakula ndani yake. Tia humo nguo moja ya kubadili na blanketi, sokota mdomo, kunja, funga. Nguo hiyo usiivae njiani hata ukisikia baridi kidogo. Ni ya kuvaa utakapofika, au mtu akizidiwa. Kiberiti nacho kitie katika kichupa cha dawa chenye kifuniko kinachobana.

Sasa, nguo gani? Shati la pamba, kitenge na suruali ya jinzi hunywa maji na hukaa nayo muda mrefu. Nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili. Sufu ni tofauti: hata ikilowa hubakiza joto kiasi. Sweta za mitumba zimejaa gulioni, na hapa kusoma kunatufaa. Geuza sweta, tazama kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani. Ukiona herufi W-O-O-L, hiyo ni sufu. Ukiona C-O-T-T-O-N, hiyo ni pamba. Iache, au uivae huku chini. Sweta za nyuzi za kiwandani zinafaa pia, maana hazinywi maji mengi. Chukua na kofia.

Viatu: malapa hayafai kwenye utelezi. Katambuga ni imara, ila kagua misumari kabla ya kuondoka. Buti za mpira ni nzuri kwenye tope, lakini wakati wa kuteremka vidole hugonga mbele, basi vaa soksi nene. Kiatu kipya usikianzie safari. Kivae kwanza wiki moja nyumbani. Fimbo ya mwanzi nayo ni mguu wa tatu, hasa mtoni. Maji ya mto yakiwa ya tope na yanazidi kupanda, ngojeni. Mito ya mlimani hujaa upesi na hupungua upesi.

Na mzigo? Katika mlima Kilimanjaro mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20 za mizigo ya wageni, naye ni mtu aliyezoea. Sisi tunabeba debe la mahindi na bado tunaongeza!

Turudi kwenye baridi, maana ndiyo inayoua. Joto la mwili wa mtu mzima wa afya ni kama digrii 37. Likishuka chini ya 35, hatari imeingia. Mtu hutetemeka, hujikwaa, huongea kama mlevi. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, hali imekuwa mbaya zaidi. Mwondoeni kwenye upepo, mvueni nguo zilizolowa, mvalisheni kavu, mkumbatieni. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpeni chai ya moto yenye sukari. Msimsugue mikono na miguu. Wala msimpe pombe, hata kama wazee wanasema inapasha joto. Pombe huleta damu karibu na ngozi, mtu akajisikia moto, kumbe joto linatoka nje. Mkishampasha kidogo, mpelekeni zahanati.

Zoezi

1. Asubuhi Matema kuna digrii 24. Juu, mita 2,000 zaidi, kuna digrii ngapi?
2. Pima mzigo wako kwenye mizani ya dukani. Umezidi kilo 20 au la? Utapunguza nini?
3. Someni vitambaa vya ndani vya sweta tatu za nyumbani. Ngapi ni za sufu?