NI NANI ALITENGENEZA HIKI?
Somo juu ya majina ya mafundi



Juzi tuliuliza darasani: "Nani anajua jina la fundi aliyechonga kinu cha mama yake?" Vidole viwili tu vilipanda. Wengine walicheka. Lakini swali hilo si la kuchekesha, na leo tunataka kulifanyia somo. Tutaanza mbali, kwa Wajapani, kisha tutarudi nyumbani.

Tazameni kisu cha jikoni. Ukikitoa katika mpini utaona mkia wa chuma uliofichwa ndani ya mti. Huo ndio msuka. Jembe nalo lina msuka wake. Msuka wa kisu chetu hauna neno hata moja. Kule Japani ilikuwa namna ingine: wafuachuma wa panga walichonga majina yao palepale katika msuka.

1. Kusoma jina

Mpini wa upanga wa Kijapani umeshikwa na kijiti cha mwanzi kinachopita katika tundu la msuka. Kijiti kikitolewa, mpini unavuliwa na maandishi yanaonekana. Yamechongwa kwa patasi ndogo, toka juu kwenda chini. Upande mmoja kuna jina la fundi, mara nyingi pamoja na jimbo lake na kijiji chake. Upande wa pili pengine kuna mwezi na mwaka.

Hata upande wenye jina unatufundisha kitu. Kwa kawaida fundi aliandika upande unaotazama nje wakati upanga umevaliwa kiunoni. Panga ndefu za zamani zilivaliwa makali yakiwa chini, na za baadaye makali yakiwa juu. Basi mahali pa jina panaonyesha upanga ulitengenezwa uvaliwe namna gani.

2. Jina linaweza kudanganya

Mtu atasema: "Nimesoma jina, basi nimekwisha kumjua fundi." Ngoja kwanza! Pale Osafune, katika jimbo la Bizen, mafundi wengi sana walitumia jina moja, Sukesada. Tena watu wa tamaa walichonga jina la fundi mkubwa juu ya kazi ya fundi mdogo, ili upanga upate bei. Kwa hiyo wanaoijua kazi hii hawaamini jina peke yake. Wanaita mashahidi wengine:

a) Kutu. Kutu nyeusi ya miaka mia nyingi haifanani na kutu ya jana. Ndiyo sababu ni mwiko kusugua msuka. Anayesugua anafuta ushahidi.

b) Alama za tupa na umbo la msuka. Kila ukoo wa mafundi ulikuwa na desturi yake.

c) Mwandiko. Mkono wa mtu unajulikana, kama mwalimu anavyojua daftari zenu bila kutazama jina.

d) Chuma chenyewe, hasa ule mstari ulio karibu na makali, unaotokea wakati upanga wa moto unapozamishwa katika maji.

Jina likisema hivi na chuma kikisema vingine, chuma kinashinda.

3. Kama jina haliko

Panga nyingi ndefu zilikatwa baadaye upande wa msuka ili ziwe fupi, na jina likapotea. Masamune, fundi mwenye sifa kuliko wote, aliyefanya kazi katika jimbo la Sagami karibu na mwaka 1300, ameacha kazi chache mno zenye jina lake. Zilizobaki zinatambuliwa kwa mkono wake tu.

Je, ni mambo ya Wajapani peke yao? Hapana. Kutoka kwetu kuelekea mto Lualaba, katika nchi ya Waluba na Wahemba, aliishi katika karne ya 19 fundi wa kuchonga viti vya wakubwa. Viti vyake vinabebwa na sanamu ya mtu, mara nyingi mwanamke, mwenye uso mrefu, mashavu membamba na mikono mikubwa. Hakuandika jina. Mbelgiji Frans Olbrechts alilinganisha kazi hizo akaona zinafanana mno. Fundi akaitwa Fundi wa Buli, kwa sababu mbili kati yake zilichukuliwa katika kijiji cha Buli. Leo zinajulikana karibu 20, nazo zimetawanyika Ulaya na Marekani.

Katika miaka ya 1970 watafiti waliuliza wenyeji, wakapewa jina: Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba. Wataalamu bado wanabishana kama zote ni za mkono mmoja. Susan Vogel aliandika mwaka 1980 kwamba anaona mikono zaidi ya mmoja. Lakini tazameni: jina ambalo halikuwa katika mti lilikuwa katika vinywa vya wazee.

4. Na sisi?

Biblia haikusahau mafundi wa hema. Besaleli na Oholiabu wametajwa kwa majina katika Kutoka 31. Lakini mafundi wetu wametajwa wapi? Katika nyumba nyingi za makumbusho kibao kinaandika jina la kabila tu, kama kwamba kabila zima lilishika shoka moja. Na hapa kwetu vita vya 1996 na 1998 vilivusha watu wengi ziwa mpaka Tanzania. Vitu vingi vilibaki nyuma na kupotea. Wazee waliojua tunazidi kuwazika. Msuka wetu ni kichwa cha mzee, na kikizikwa hakisomwi tena.

Basi, kazi ya likizo. Chagua kitu kimoja cha zamani: kinu, kiti, ngoma ao mtumbwi. Usikisugue. Waulize babu na bibi, andika:
– jina la fundi na kijiji chake;
– ni nani alimfundisha;
– ni nani amekupa habari, na siku gani.

Uliza wazee wawili, kila mmoja peke yake. Wasipopatana, andika maneno yao yote mawili. Na kama hakuna anayejua, acha mahali pa jina peupe. Anayetia jina la kubuni ni ndugu ya yule mwenye tamaa aliyechonga Sukesada ya uongo.

Maswali
1. Kwa nini ni mwiko kusugua msuka?
2. Taja mashahidi watatu mbali na jina.
3. Jina la Ngongo ya Chintu lilitunzwa wapi?