Pedali za Kunasa: Jina, Ufungaji na Lugha ya Maelekezo

Utangulizi

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na siasa, na kwamba kikiingia karakanani hukwama. Makala haya yanadhamiria kulipima dai hilo kwa kazi moja ndogo: kufunga na kurekebisha pedali za kunasa kwenye baiskeli ya mbio za barabarani. Ijapokuwa kazi ni ndogo, agizo lililoandikwa ovyo laweza kuharibu krenki au kumwachia mwendeshaji maumivu ya goti. Kwa hivyo, usahihi wa lugha hapa si pambo.

Suala la jina

Kabla ya miaka ya 1980, waendeshaji wa mashindano walifunga miguu kwa vibanio vya chuma na mikanda iliyozungushwa juu ya viatu. Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifungio vya viatu vya kutelezea thelujini, ilitoa pedali inayokamata soli kwa springi. Mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda mashindano ya Tour de France akizitumia. Waingereza walizipa jina linalosema kwamba hazina kibanio, kwa maana ya kibanio kile cha zamani. Matokeo yake, mgeni husikia kwamba hazishiki, ilhali kushika ndiyo kazi yake.

Kiswahili hakilazimiki kuurithi mkanganyiko huo. Kitenzi ‘nasa’ kinatupa ‘pedali ya kunasa’. Kwa kufuata mkondo wa ‘kifungio’ na ‘kifunikio’, kile kipande cha plastiki kinachofungwa chini ya kiatu tunaweza kukiita ‘kinasio’. Istilahi hizi mbili ndizo zitakazotumika hapa.

Kufunga pedali

Kwanza, paka grisi kwenye hesi za ekseli ya pedali. Pili, itambue pedali ya kulia na ya kushoto, kwani hesi zake hupinda kwa njia tofauti. Agizo la ‘kaza kwa kuzungusha kulia’ ni sahihi kwa pedali ya kulia pekee; msomaji akilitii upande wa kushoto, ataziharibu hesi za krenki. Agizo lisilo na utata ni hili: kwa pedali zote mbili, ukielekeza sehemu ya juu ya mzunguko mbele ya baiskeli, unakaza, ukiielekeza nyuma, unalegeza. Tazama jinsi ‘mbele’ na ‘nyuma’ zinavyofaulu pale ambapo ‘kulia’ na ‘kushoto’ zimeshindwa. Sababu ni kwamba mbele ya baiskeli haibadiliki, fundi asimame upande wowote.

Kufunga kinasio

Vaa kiatu, kisha papasa kifundo cha mfupa kilicho nyuma ya kidole gumba cha mguu. Tia alama ubavuni mwa kiatu. Fanya vivyo hivyo upande wa kidole cha mwisho. Weka kinasio mahali ambapo ekseli ya pedali itapita kati ya alama hizo mbili.

Sasa keti ukingoni mwa meza, miguu ikining’inia, utazame vidole vinaelekea wapi. Ikiwa vinaelekea nje, ncha ya mbele ya kinasio igeuzwe kidogo ndani, upande wa kidole gumba. Agizo hili huonekana kinyume, lakini lina mantiki: kinasio kikishanaswa hutazama mbele daima, hivyo kinachogeuka ni kiatu. Mwandishi akisema tu ‘kigeuze kufuata mguu’, msomaji atakigeuza visivyo, na goti litasokotwa kila pedali inapozunguka.

Kaza skrubu tatu kwa zamu, kila moja kidogo kidogo. Kwa vinasio vya Shimano vya aina ya SPD-SL, kiwango kinachopendekezwa ni nyutonimita 5 hadi 6.

Rangi na unasibu wa ishara

Vinasio huuzwa kwa rangi zinazoonyesha kiasi ambacho mguu unaweza kugeuka kabla ya kunasuka. Kwa Shimano SPD-SL, nyekundu ni nyuzi 0, buluu ni 2 na manjano ni 6. Kwa Look Keo, nyeusi ni nyuzi 0, kijivu ni 4.5 na nyekundu ni 9. Yaani nyekundu ya huku hufunga mguu kabisa, na nyekundu ya kule huupa uhuru mkubwa zaidi. Mwanafunzi anayetafuta mfano wa unasibu wa ishara ameupata hapa. Mwandishi wa maelekezo naye asitaje rangi bila kutaja kampuni. Anayeanza aepuke nyuzi 0, kwani goti lake halitakuwa na nafasi ya kujirekebisha.

Kujaribu

Legeza springi hadi mkazo wa chini kabisa. Egemea ukuta, ingiza ncha ya kinasio, kisha kandamiza hadi usikie mlio. Ili kunasuka, sukuma kisigino nje. Usivute mguu juu. Rudia kwa kila mguu hadi mwili uzoee, na barabarani nasua mguu kabla ya kusimama, si baada. Goti likiuma, rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kwa milimita chache tu, ili ujue kilicholeta nafuu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kinachokwama karakanani si Kiswahili, bali mwandishi ambaye hajaifahamu kazi anayoieleza. Aidha, istilahi haipati uhai kwa kuidhinishwa na wasomi pekee. Kama mafundi watapendelea ‘kliti’ badala ya ‘kinasio’, basi tuwasikilize. Pendekezo kwa wanafunzi wenzetu ni hili: kila mmoja aandike maelekezo ya kazi moja ya mikono, ampe mtu asiyeijua kazi hiyo, kisha anyamaze na kutazama. Pale mkono wa msomaji utakapositasita, hapo ndipo sentensi inapohitaji kuandikwa upya.