Kompyuta Isiposoma Flashi, Usikimbilie Kufomati

Wakazi wengi huhifadhi hati muhimu kwenye flashi: fomu ya basari ya mtoto, stakabadhi za zabuni, wasifukazi au hesabu za chama. Siku ya mwisho ya kuwasilisha inafika, unachomeka flashi kwenye kompyuta ya nyumbani, na haionekani. Au kompyuta inakutaka uifomati kwanza. Ukikubali, utapata flashi inayofanya kazi lakini haina kitu ndani. Bonyeza "Cancel", kisha fuata hatua hizi kwa utaratibu. Maelezo haya ni ya kompyuta zinazotumia Windows 10 au 11.

1. Jua tatizo liko wapi. Chomeka flashi kwenye tundu jingine. Kwa kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma, kwa sababu yako kwenye bodi kuu yenyewe. Ya mbele hutegemea waya ambao unaweza kulegea. Kisha jaribu flashi nyingine kwenye tundu hilo hilo. Nyingine ikisomeka, shida ni flashi yako. Zote zikikataa, shida ni kompyuta.

2. Washa kompyuta upya. Chagua "Restart", si "Shut down". Kompyuta nyingi zikizimwa kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo ili ziwake haraka, na hitilafu inaweza kubaki humo. Isiposaidia, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, subiri dakika moja, kisha uiwashe.

3. Kagua draiva. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, uchague "Device Manager". Ukiona kifaa cha USB chenye alama ya mshangao ya manjano, kibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Uninstall device", kisha uwashe kompyuta upya. Windows itajaribu kuweka draiva tena. Usiguse vifaa visivyo na alama hiyo, kwani unaweza kuzima kipanya na kibodi.

4. Tafuta herufi ya flashi. Bonyeza tena Windows na X, uchague "Disk Management". Itambue flashi kwa ukubwa wake, usije ukagusa diski kuu. Ikiwa ipo lakini haina herufi kama E au F, ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Change Drive Letter and Paths", kisha "Add". Ikiwa imeandikwa "RAW" au "Unallocated", simama hapo. Huenda faili bado zinaweza kuokolewa, mradi hujaandika kitu kipya juu yake.

5. Jihadhari na virusi. Flashi iliyotoka saiba inaweza kufunguka huku faili zote zimegeuka njia za mkato. Usizibofye. Ikague kwanza kwa programu ya "Windows Security". Mara nyingi faili zako bado zimo, ila zimefichwa.

Hatua hizi zikishindikana, mpelekee fundi unayemwamini, na umwambie mapema kuwa unachotaka ni faili. Ukimwambia tu flashi haifanyi kazi, njia ya haraka ya kuirekebisha ni kuifomati. Ikiwa ina nakala za kitambulisho au taarifa za benki, kaa naye hadi amalize.

Flashi ni chombo cha kubebea, si kabati la kuhifadhia. Kabla ya kuichomoa, chagua "Eject" ili kompyuta imalize kuandika. Kila hati muhimu iwe na nakala ya pili kwenye kompyuta na nyingine kwenye barua pepe yako. Hapo, hata flashi ikifa usiku wa kuamkia siku ya mwisho, fomu ya mtoto itawasilishwa.