Upanga wa Simeoni



Baada ya ibada ya tarehe 2 Februari, sikukuu ya Bwana Yesu kuletwa Hekaluni, mama mmoja aliniuliza mlangoni, "Mwalimu, kumbe Mariamu aliuawa kwa upanga?" Nilimjibu hapana, akaenda zake bila kuridhika. Swali lake lastahili jibu refu kidogo.

Sisi twasoma upanga tu (na watoto wa shule ya Jumapili huchora panga la kukatia majani, nami siwalaumu). Lakini Agano Jipya la Kiyunani lina maneno mawili. La kwanza ni makaira, silaha fupi, ambayo asili yake ni kisu. Katika tafsiri ya kale ya Kiyunani, ndicho kisu alichokishika Ibrahimu juu ya Isaka. Petro alikuwa nayo bustanini, na Yakobo nduguye Yohana aliuawa kwayo.

La pili ni romfaia. Hiyo ilikuwa silaha ya watu wa Thrakia, kaskazini ya Uyunani: chuma kirefu, kizito, kilichochukuliwa begani. Livy, mwandishi wa Kirumi, asema ilikuwa ndefu hata ikanaswa na matawi ya miti. Waliofasiri Agano la Kale kwa Kiyunani waliuita hivyo upanga wa Goliathi, na ule wa moto uliolinda njia ya mti wa uzima.

Sasa tazameni. Luka, katika Injili yake na katika Matendo, huandika makaira kila mahali. Mara moja tu aliandika romfaia, nayo ni Luka 2:35. Fungueni Ezekieli 14:17. Humo mna romfaia hiyo hiyo, ikiamriwa na Mungu ipite katika nchi. Na hata Nuhu, Danieli na Ayubu wangejiokoa wao wenyewe tu, wala si wana wao wala binti zao.

Basi huo si upanga wa askari. Kwa Kiyunani wapita nafsini, si mwilini. Wengi huufikiria msalaba, nami sikatai, maana Mariamu alisimama pale. Lakini upanga wa Ezekieli ni wa hukumu, hupima kila mtu peke yake, na mama wa Bwana hakuachwa. Ulianza mapema: alimtafuta mwanawe siku tatu, akapewa jibu asilolielewa (Luka 2:50). Na baadaye alisimama nje pamoja na ndugu zake, akitaka kumwona, na nyumba imejaa watu.