Mkazi wa Kodi ni Nani, na Je, Mzee Unayemtunza Hupunguza Kodi Yako?

Katika Tabora, Urambo, Nzega na Sikonge, si ajabu mshahara mmoja kulisha nyumba mbili: ya mwenye mshahara na ya mzazi wake. Wapo wanaomtunza mzee wakiwa naye hapa hapa. Wapo wanaotuma fedha kutoka Dar es Salaam, Lubumbashi au Muscat. Wote huuliza maswali mawili. La kwanza: nikiwa huku na huku, kodi ya mapato nailipa kama mtu wa wapi? La pili: mzee ninayemlisha na kumtibu, je, anahesabiwa katika kodi yangu? Katika somo hili tunayajibu maswali yote mawili, kisha tunaonyesha unafuu uliopo kweli na mahali pa kuuomba.

Nyumba na siku

Swali la mtu kuwa wa wapi si geni katika nchi hii. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo. Walisafiri wakati wa kiangazi, na wengi walijitahidi kurejea kabla ya mvua ili wakalime. Mpagazi aliyekaa pwani miezi kadhaa hakuacha kuwa mtu wa Unyanyembe. Hata hivyo, watawala wa njiani, hasa katika Ugogo, hawakuuliza kwao ni wapi. Waliudai kila msafara hongo, yaani ushuru wa kupita. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, kipimo kiligeuka: ikahesabiwa nyumba iliyosimama, si msafiri apitaye.

Sheria ya leo inatumia vipimo vyote viwili. Inatazama nyumba, na inahesabu siku.

Sheria inamwita nani mkazi

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Katika kuamua ukazi, haiulizi uraia wako wala kabila lako. Mwaka unaohesabiwa kwa mtu binafsi ni wa kalenda, yaani Januari hadi Desemba. Mtu ni mkazi kwa mwaka husika akitimiza sharti moja tu kati ya haya manne:

1. Ana makazi ya kudumu Tanzania, na amekuwapo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka huo.
2. Amekuwapo nchini kwa jumla ya siku 183 au zaidi katika mwaka huo, hata kama siku hizo hazikufuatana.
3. Amekuwapo nchini katika mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka.
4. Ni mtumishi au ofisa wa Serikali ya Tanzania aliyepelekwa kufanya kazi nje ya nchi.

Tuyapime masharti haya kwa mifano.

Fundi kutoka Burundi amekuja Tabora tarehe 1 Machi, akafanya kazi hadi tarehe 20 Julai, akarudi kwao. Amekaa siku 142. Hana makazi ya kudumu hapa, na miaka miwili iliyopita hakuwahi kufika. Huyu si mkazi.

Mfanyabiashara wa Kalemie huvuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha hupanda treni hadi Tabora. Mwaka wa kwanza alikaa nchini siku 130, wa pili siku 125, wa tatu siku 120. Hakuna mwaka aliofikisha siku 183. Lakini jumla ni siku 375, na wastani wake ni siku 125. Kwa mwaka wa tatu, huyu ni mkazi.

Muuguzi aliyeajiriwa Muscat amejenga nyumba yake Tabora mjini, na familia yake inakaa humo. Kila Desemba huja wiki mbili kumwona mama yake. Kwa kuwa ana makazi ya kudumu nchini na amefika kwa sehemu ya mwaka, wiki mbili hizo zaweza kutosha kumfanya mkazi. Wengi hujikwaa hapa, wakidhani kwamba anayefanya kazi nje mwaka mzima hawezi kuwa mkazi wa Tanzania kwa hesabu ya kodi.

Ukazi unabadilisha nini

Mkazi hutozwa kodi kwa mapato yake yote, ya hapa na ya ng'ambo. Asiye mkazi hutozwa kwa mapato yenye chanzo Tanzania pekee. Yupo mkazi mmoja anayetendewa tofauti: ambaye maisha yake yote hajawa mkazi wa Tanzania kwa zaidi ya miaka miwili. Huyo naye hutozwa kwa mapato ya hapa tu.

Mkazi aliyekwisha kulipa kodi ya mapato katika nchi nyingine anaweza kuomba kodi hiyo ipunguzwe katika anayodaiwa hapa. Ndiyo sababu hati za makato za mwajiri wa nje zinapaswa kutunzwa. Lakini katika nchi kama Oman, ambako mishahara haijatozwa kodi ya mapato, hakuna kodi ya nje ya kupunguza. Muuguzi wetu asisubiri hadi aulizwe. Aende mapema ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) akiwa na pasipoti yenye mihuri ya kuingia na kutoka. Ritani ya mwaka huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani kufikia tarehe 30 Juni.

Tofauti nyingine ni ya viwango. Kwa mwajiriwa mkazi wa Tanzania Bara, viwango vinavyotumika kwa mwezi wakati tunaandaa kijitabu hiki ni hivi: shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, zinazozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, zinazozidi hapo hadi 760,000, asilimia 20, zinazozidi hapo hadi 1,000,000, asilimia 25, na zinazozidi 1,000,000, asilimia 30. Asiye mkazi hukatwa asilimia 15 ya mshahara anaoupata hapa, bila kuachiwa zile 270,000 za mwanzo.

Chukua mapato ya shilingi 900,000 kwa mwezi. Mkazi atakatwa 20,000 kwa daraja la asilimia 8, na 48,000 kwa daraja la asilimia 20, na 35,000 kwa sehemu ya mwisho. Jumla ni shilingi 103,000. Asiye mkazi atakatwa shilingi 135,000.

Je, mzee anahesabiwa?

Jibu la sheria ya Tanzania ni la wazi: hahesabiwi. Kodi ya mapato hapa hutozwa kwa mtu mmoja mmoja. Hakuna sehemu ya kuandika mke, mume, mtoto au mzazi ili kodi ipungue. Kaka anayepata shilingi 900,000 na kumtunza mama mwenye kisukari, na jirani yake anayepata kiasi hicho hicho bila kumtunza mtu, wote hukatwa shilingi 103,000. Kinachoruhusiwa kutolewa kabla ya kodi kukokotolewa ni mchango wako wa lazima katika mfuko wa hifadhi ya jamii, kama vile PSSSF au NSSF. Dawa za mama, mahindi ya mama na mshahara wa anayemsaidia mama kazi za nyumbani havitolewi.

Tunajua kwamba jibu hili huwauma wengi, kwa sababu katika jamii zetu kumtunza mzee ni deni la heshima. Lakini ni afadhali kulijua kuliko kupanga bajeti kwa kutegemea unafuu usiokuwapo.

Upande wa pili una faraja kidogo. Sheria hutoza mapato ya aina tatu: ya ajira, ya biashara na ya uwekezaji. Fedha ambazo mwana humtumia mzazi wake kwa chakula na matibabu si mojawapo ya hizo. Mzee hadaiwi kodi ya mapato kwa sababu ametumiwa fedha za matumizi na mwanawe.

Ndugu walio ughaibuni

Maneno mengi kuhusu kumwandika mzazi katika kodi hutoka kwa ndugu walio ng'ambo. Nchi kadhaa zinaruhusu jambo hilo, ila kila moja ina masharti yake. Marekani, kwa mfano, humruhusu mlipakodi kumwandika mzazi kuwa tegemezi wake ikiwa, pamoja na mambo mengine, anagharimia zaidi ya nusu ya matunzo yake. Lakini mzazi huyo lazima awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Canada au Mexico. Mama aishiye Tabora, asiye na uraia wa huko, haandikiki hata kama mwanawe aliyeko Chicago humtumia kila senti anayoila. Ukazi ulioamua kodi ya mwana ndio hapa unaoamua nafasi ya mama. Kwa hiyo, ndugu akikuomba barua au nakala ya kitambulisho cha mzee ili "amwandike kwenye kodi", muulize kwanza kama sheria ya nchi anayokaa inamkubali mzazi aliyeko Tanzania.

Unafuu uliopo

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Huko ndiko unafuu ulikoelekezwa: kwa mzee mwenyewe, si kwa anayemtunza. Tunataja mambo mawili ambayo familia nyingi huyaacha yapite.

La kwanza ni kodi ya majengo, ile inayokatwa mnunuapo umeme wa LUKU. Mzee wa miaka 60 au zaidi anaweza kuomba msamaha kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe na isiyomwingizia kipato. Msamaha haumfikii mwenyewe bila kuombwa. Aanzie kwa serikali ya mtaa au kijiji, kisha halmashauri, akiwa na kitambulisho cha taifa na namba ya mita. Angalieni pia jina la mmiliki. Nyumba iliyoandikwa jina la mtoto haiwi nyumba ya mzee kwa sababu tu mzee analala humo.

La pili ni matibabu. Mzee asiye na uwezo ana haki ya matibabu bila malipo katika vituo vya umma, na utambuzi wake huanzia mtaani au kijijini. Kwa mtumishi wa umma aliye mwanachama wa NHIF, utaratibu uliozoeleka ni kuandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi wanne, na mzazi aliweza kuwa mmoja wao. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeleta mpangilio mpya. Thibitisheni katika ofisi ya NHIF nafasi ya mzazi kabla ya kujaza fomu. Mkumbuke kwamba neno "mtegemezi" katika bima haligusi hesabu ya kodi ya mapato.

Jihadhari na anayeuza kisichokuwapo

Neno hongo, ambalo zamani lilikuwa ushuru wa wazi njiani, leo ni jina la rushwa. Mtu akikuambia kwamba kwa malipo kidogo atakuandikia mzazi katika kodi ili ukatwe pungufu, anakuuzia kitu ambacho sheria haina. Usimpe fedha, usimpe namba yako ya mlipakodi (TIN), wala kitambulisho cha mzee. Na ukiamini kwamba umekadiriwa kodi isiyo sahihi, kwa mfano umehesabiwa asiye mkazi ilhali ulitimiza siku 183, unayo haki ya kuwasilisha pingamizi kwa maandishi TRA ndani ya siku 30 tangu ulipopokea makadirio.

Jipime

1. Dereva wa lori asiye na nyumba Tanzania amekuwapo nchini siku 90 kati ya Januari na Aprili, na siku 95 kati ya Agosti na Novemba mwaka huo huo. Je, ni mkazi?
2. Mwalimu wa Kaliua anaishi na bibi yake wa miaka 81. Je, amwombe mwajiri apunguze makato ya kodi?
3. Mzee wa miaka 67 anaishi chumba kimoja cha nyumba yake na kupangisha vitatu. Je, nyumba hiyo inastahili msamaha wa kodi ya majengo?

Majibu. Swali la 1: ndiyo, jumla ni siku 185. Swali la 2: hapana, mwajiri hana mamlaka ya kupunguza. Badala yake, mwalimu afuatilie haki za bibi mwenyewe za matibabu na, kama nyumba ni ya bibi, za kodi ya majengo. Swali la 3: hapana, kwa kuwa nyumba inaingiza kipato.

Viwango vya kodi hubadilika kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka, inayoanza kutumika tarehe 1 Julai. Kila ifikapo tarehe hiyo, ulizeni upya. Na tangu leo, kila mwenye kusafiri aandike katika daftari tarehe ya kuingia nchini na ya kutoka. Siku ya kuulizwa, daftari hilo pamoja na pasipoti ndivyo vitakavyomsemea.